Petroli ya Jumanne: Saba Pointi Moja

Gari lilizimika. Hapo ndipo nilipowakatia uhondo wiki iliyopita, na najua mmenitukana siku zote hizi. Haya, nimerudi. Tusipoteze muda, maana Leonie hana muda wa kupoteza.

Lilizimika kando ya barabara kuu ya kwenda Bunbury, karibu na njia ya Myalup, jua la Januari likichoma na nzi wakigombea nyuso za watu. Brendon Tuckwell, wakala wa kuuza nyumba, aliliachia liserereke lenyewe hadi kwenye changarawe, akashusha pumzi, akamgeukia mkewe na kusema maneno ambayo mtu yeyote wa Perth angeyaamini.

"Mafuta yameisha, mpenzi. Nilikuwa nangojea Jumanne."

Kwetu Perth bei ya petroli hushuka Jumanne na kupanda Jumatano, na mji mzima unaishi kwa kalenda hiyo. Nimewaona kwa macho yangu mahakimu na madaktari bingwa wamepanga foleni alfajiri ya Jumanne, injini zimezimwa, wanasukuma magari kwa mikono ili wasipoteze tone. Basi mtu akikwama Jumatatu tenki likiwa kavu, hakuna anayemuuliza maswali. Anachekwa tu, na wanaomcheka yalishawakuta.

Leonie hakucheka.

"Leo, Brendon? Katika siku zote, leo?"

"Liliniambia tutafika! Kompyuta imesema mafuta yanatosha mpaka Bunbury na ya akiba yanabaki!"

"Saa tisa, Brendon. Baba kasema saa tisa."

"Najua alichosema baba yako."

Alijua, na wewe unayeanza kusoma leo inabidi ujue pia. Mzee Mervyn Pascoe ana shamba la matufaha Donnybrook na watoto wawili. Garth, mtoto wa kiume, anataka liuzwe likatwe viwanja. Leonie anataka libaki shamba, arudi alilime mwenyewe, kwa sababu chini ya mitufaha ile ndipo walipomwaga majivu ya mama yao. Mzee ana kichwa kigumu kama gogo. Kawaita wote wawili kwa wakili Bunbury, leo saa tisa alasiri. "Anayelitaka shamba aje aniambie machoni," alisema. "Simu sitaki. Asiyefika nitakuwa nimemwelewa."

Sasa saa nane ilikuwa imeshapita, na Bunbury ilikuwa bado mbele karibu nusu saa, kwa gari zima.

Na gari lenyewe ndilo hili! Sedani fupi ya Ulaya, ya kifahari, ya spoti, nyeusi inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kiti cha nyuma kinatosha mbwa mmoja, tena awe mwembamba. Linakunywa petroli ya oktani tisini na nane tu, ile ya bei mbaya kuliko zote. Matairi ya mbele hayalingani na ya nyuma, kwa hiyo huwezi kuyabadilishana, yakilika unanunua upya. Breki zake, bima yake, sevisi yake kwenye gereji ya watu waliovaa glavu nyeupe, kila kimoja kina bei ya kuumiza tumbo.

Brendon alilipa vyote hivyo. Unajua alilipaje? Aliuza kigari cha mkewe. Leonie, aliyekuwa akienda kazini kwa kigari chake kidogo kisichomsumbua mtu, akarudi kupanda basi ili mume wake aendelee kupaki mbele ya nyumba za watu akiuza sura.

Halafu mtu huyohuyo, mwenye gari la kifahari, ni mkono wa birika usio na mfano! Kiangazi kizima anazima kiyoyozi ili kupunguza ulaji wa mafuta, lakini vioo hafungui, majirani wasije wakajua. Watu wawili wanaiva mle ndani kama mkate. Kila jioni akirudi kutoka kazini analalamika. "Kumi na mbili tena! Lita kumi na mbili kwa kilomita mia! Leonie, hebu toa ule mfuko wako wa vitabu kwenye buti, uzito ule ndio unaotumaliza." Mwanamume mzima anausingizia mfuko wa vitabu.

Nawaambia ukweli, mimi watu wa namna hii nawadharau. Lakini subirini. Dharau niliyokuwa nayo wiki iliyopita ilikuwa ndogo.

"Piga simu waje watusaidie," Leonie alisema.

"Uanachama wa uokoaji wa magari niliuacha mwaka jana. Tulikuwa tunabana matumizi."

"Tulikuwa?"

Kabla hajajibiwa, pikapu moja kuukuu ikapunguza mwendo, ikaingia kwenye changarawe nyuma yao. Ilikuwa inavuta tela lililojaa mashine za kukatia nyasi. Akashuka mama mmoja mnene wa miaka sitini hivi, kaptura ya khaki, kofia pana, mkononi kashika boksi la kahawa baridi ya maziwa.

"Desley Quartermaine," alisema, akafyonza kahawa yake. "Natengeneza mashine za nyasi. Mmekwama au mnapiga picha?"

"Mafuta yametuishia, mama," Leonie alisema. "Na saa tisa natakiwa niwe Bunbury, lazima."

Desley akalitazama gari kutoka bampa hadi bampa, akamtazama Brendon na miwani yake, kisha akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Jumanne, siyo? Ulikuwa unangojea Jumanne! Na gari hili! Ee Mungu wangu, ngoja nimsimulie mume wangu."

"Hata tajiri anaangalia bei, mama," Brendon alisema.

"Tajiri anaangalia na geji, baba." Desley alienda kwenye tela lake, akarudi na dumu jekundu. "Shika. Lita kumi. Zinakufikisha Bunbury na kurudi kutubu."

Leonie alikaribia kumkumbatia. Alilishika dumu kwa mikono miwili na kumnyooshea mumewe.

Brendon hakulipokea.

"Hii ni ya namba gani?"

"Ya namba gani vipi? Petroli hii. Tisini na moja."

"Aa, hapana. Hapana, asante." Alirudi nyuma hatua, kama aliyepewa nyoka. "Hili ni la tisini na nane. Tisini na moja inagonga injini. Na dhamana ya kiwanda inakufa palepale."

Leonie bado alikuwa amelikumbatia dumu.

"Brendon," Leonie alisema polepole, "ni kilomita arobaini."

"Kilomita moja inatosha kuharibu pistoni."

"Tutaendesha taratibu."

"Wewe hujui injini, mpenzi."

"Mimi najua injini," Desley alisema, "na nakuambia halitakufa. Litakohoa kidogo kwa aibu, basi. Mimina."

"Mama, hizi siyo mashine za kukatia nyasi."

Ningekuwa pale ningemzaba kofi. Mkewe anapoteza shamba alimolala mama yake, na yeye analinda pistoni! Lakini hebu ngojeni, wasomaji wangu, msimalize makofi yenu hapa.

Desley alimpokea Leonie dumu, akaliweka chini. Akajifuta jasho. Sasa alikuwa hacheki tena, alikuwa anachokoza, na mama huyu akikuchokoza unachokozeka.

"Sikulaumu, mheshimiwa. Magari kama haya ni ya kuonyesha tu. Hayana safari. Tumbo la tembo. Binamu yangu alikuwa nalo moja, likawa halipiti sheli bila kuingia. Kumi na tano kwa mia, kumi na sita. Akaliuza akanunua punda."

"Kumi na sita?" Brendon aliguswa penyewe. "Binamu yako hajui kuendesha."

"Wewe lako linakula ngapi? Kumi na nane?"

"Kumi na nane! Njoo. Njoo hapa uone, mama. Njoo uone kwa macho yako."

Akaingia, akakaa nyuma ya usukani, akabonyeza kitufe. Injini haikuwaka, ila skrini kubwa ya katikati ikawaka, yenye rangi za kuvutia kama duka la vipodozi. Akachezesha vidole mpaka akapata alichotaka, kisha akaigonga skrini kwa kucha.

"Soma. Tangu nijaze tenki Jumanne iliyopita. Soma kwa sauti."

Desley aliinama dirishani. "Saba pointi moja."

"Saba pointi moja! Sedani ya spoti, nguvu zote hizi, saba pointi moja kwa mia! Mwambie binamu yako."

Leonie alikuwa amesimama upande wa pili, mlango wa abiria ukiwa wazi. Naye alisoma. Alisoma saba pointi moja, na chini yake, kwa maandishi madogo, kilomita zilizokwenda tangu tenki lijazwe: mia sita na kumi na moja.

Alisoma mara mbili.

"Brendon," alisema. "Jana ulikuwa unapiga kelele kuhusu kumi na mbili."

"Nini?"

"Jana, juzi, wiki nzima. Kila ukirudi kazini, kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka vitabu vyangu vimetupwa gereji. Mjini gari hili halijawahi kushuka chini ya kumi na moja. Saba utaipata barabara kuu tu, tena mwendo mrefu, bila taa za kusimama."

"Si ndiyo tuko barabara kuu leo!"

"Leo tumekwenda mia na thelathini. Hapa pameandikwa mia sita. Ungekuwa mjini wiki nzima ungesoma kumi hapo. Ulikwenda wapi?"

Brendon aliizima skrini haraka, lakini alikuwa ameshachelewa, Leonie alichokiona alikiona.

"Nilikuwa na wateja," Brendon alisema. "Mandurah. Nilisahau kukuambia."

"Alhamisi uliniambia una semina mjini. Ulirudi saa nne usiku."

"Semina ndiyo, halafu Mandurah."

"Mandurah ni hapo. Kwenda na kurudi haifiki hata nusu." Leonie aliegemeza mkono juu ya paa la gari linalochoma, wala hakuutoa. Kwenda na kurudi Donnybrook, aliko Garth, ni kama mia nne. Alikuwa na wazo moja tu, baya, na aliamua kulitupa aone litaangukia wapi. "Garth kaniambia mlikunywa bia."

Brendon akakunja uso. "Garth kakuambia? Yule mpumbavu, si tulikubaliana asi—"

Akaliuma neno. Lakini lilikwishatoka, kilichobaki ni mkia wake tu.

Desley alipiga mluzi mrefu. "Haya makubwa."

"Mlikubaliana nini?" Leonie aliuliza.

"Leonie, nisikilize kwanza."

"Mlikubaliana nini na kaka yangu, Alhamisi, Donnybrook?"

Basi likamtoka. Waoga ndivyo walivyo, ukimtoboa mmoja kidogo anamwagika mzima. Garth akipata shamba, Garth ataliuza, na wakala wa kuliuza atakuwa Brendon. Viwanja zaidi ya themanini, na kila kiwanja kina kamisheni yake. Kazi ya Brendon ilikuwa moja, rahisi: Leonie asifike kwa wakili saa tisa. Na katika jimbo zima hakuna kisingizio safi kuliko kuishiwa mafuta siku ya Jumatatu.

Mnaona sasa? Tulimdharau kwa ubahili, na ubahili ulikuwa nguo aliyojifunika. Tulimdharau kwa pistoni zake, kumbe hata pistoni ni maigizo. Mtu wa hovyo alijivika uhovyo mdogo ili tusiuone mkubwa.

"Kwa ajili ya nini?" Leonie alikuwa analia, lakini sauti haikutetemeka. "Tuna nyumba. Tunakula. Kwa ajili ya nini?"

"Unajua sevisi ijayo ni bei gani?" Brendon alipandisha sauti, kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. "Unajua matairi manne ya hili gari ni bei gani? Breki? Mteja hanunui nyumba ya kifahari kwa mtu aliyeshuka kwenye kigari! Gari hili ndilo linalotulisha!"

"Gari hili ndilo linalotula, Brendon. Lilikula kigari changu. Sasa unalilisha mama yangu."

Brendon alitoa sigara yake ya umeme akavuta.

Leonie aliuchukua mkoba wake kutoka kwenye kiti, akaufunga mlango wa gari la kifahari kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, akamgeukia mama wa mashine za nyasi.

"Mama Desley, naomba lifti."

"Mwanangu, ulikuwa unangoja nini siku zote?"

Pikapu ilinguruma, ikarudi barabarani. Brendon alibaki amesimama kwenye changarawe, anapungua kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilimkera Leonie kuliko yote yaliyotangulia.

"Tutafika?" aliuliza.

"Sitaki kukudanganya," Desley alisema. "Nikipita hamsini tela linaanza kucheza. Na kulifungua hapa ni kazi, kufuli lina kutu. Tutafika na robo saa ya kuchelewa, labda zaidi."

"Baba hangoji. Hata harusi yangu aliondoka keki haijakatwa."

"Jaribu simu."

"Hashiki simu. Na wakili ni rafiki yake wa utotoni, amri ni ya mzee." Leonie alijipiga magoti kwa ngumi. "Saa tisa. Robo saa tu! Shamba zima kwa robo saa!"

Matela marefu yaliwapita moja baada ya jingine, yakiitikisa pikapu. Desley aliung'ang'ania usukani. Leonie alitazama nje, na kichwani mwake namba zile mbili zikawa zinazunguka kama nzi. Mia sita na kumi na moja. Saba pointi moja.

Akaacha kulia.

"Mama Desley. Lita saba kwa kila mia. Mia sita ni lita ngapi?"

"Arobaini na mbili. Ongeza vichenga, arobaini na tatu. Kwani?"

"Tenki lake ni lita sitini. Amenihubiria hilo tenki toka tulinunue. Na Jumanne alijaza mpaka juu, nilikuwepo, alilitikisa lile bomba mpaka tone la mwisho." Alimgeukia. "Sitini toa arobaini na tatu."

Desley aliondoa mguu kwenye mafuta. Midomo yake ilihesabu.

"Kumi na saba," alisema. "Yule mshenzi ana lita kumi na saba mle ndani!"

"Halikuishiwa. Alibonyeza kitufe akalizima."

"Ndiyo maana alikataa dumu langu! Angelimimina, angekosa kisingizio!" Desley alipiga honi kwa hasira ingawa hapakuwa na gari mbele. "Na sisi tumemwacha! Sasa hivi atawasha, atupite hapa akituonyesha meno, awahi kwa baba yako akampake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ndiyo maana alikuwa anacheka!"

Leonie alitazama nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Akangoja. Ikaendelea kuwa tupu.

Simu yake ikaita mkobani. Alichakura: kitambaa, miwani, chupa ya maji, halafu vidole vikagusa kitu kingine, kizito, laini, chenye nembo ya fedha. Akakitoa. Alikitazama kwa muda, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka mwaka mzima.

"Nini tena?" Desley aliuliza.

"Ufunguo. Hataki kuuweka mfukoni. Anasema unaharibu mkunjo wa suruali. Siku zote naubeba mimi."

"Gari la kitufe?"

"Bila huu, kitufe ni pambo."

Simu ilikuwa inaita bado. Namba ngeni. Leonie akapokea.

"Mpenzi," ilisema sauti ya Brendon, tamu kama sharubati, "nimeazima simu ya jamaa mmoja hapa, yangu imebaki ndani inachajiwa na milango imejifunga. Hebu angalia mkobani, tafadhali—"

Akakata.

"Mama Desley, geuza."

"Nimeshageuza," Desley alisema, na kweli tela lilikuwa limeshaingia kwenye uwazi wa katikati ya barabara, mashine za nyasi zikipigana vikumbo.

Wakamkuta amekaa kwenye changarawe, mgongo umeegemea tairi lisilolingana na mwenzake, miwani mkononi, uso umeiva. Mwenye simu alishaondoka zake. Alipoiona pikapu alisimama na kujipangusa suruali.

"Nilijua utarudi," alisema. "Tuzungumze kama watu wazima."

Leonie aligusa mlango wa dereva, gari likamtambua mwenye ufunguo, likafunguka. Tangu linunuliwe hakuwahi kukalia kiti kile, maana eti anakanyaga vibaya, anaharibu hesabu. Akaingia. Akafunga. Akabonyeza kufuli.

Brendon alielewa kwa kuchelewa. Alikuja mbio na kukipiga kioo kwa kiganja.

"Leonie! Fungua! Hujui kuliendesha, lina nguvu hilo! Leonie, clachi— halina clachi! Leonie!"

Injini iliwaka mara moja, safi, bila kikohozi. Mshale wa mafuta ukapanda, ukapita robo, ukatulia hapo. Leonie aliutazama mshale, kisha akamtazama mumewe kupitia kioo. Brendon naye aliuona mshale. Kiganja kikateleza chini ya kioo polepole.

"Mheshimiwa," Desley alimwita kutoka kwenye pikapu, "dumu langu hilo hapo. Unaweza kukaa juu yake."

Gari likaondoka. Niseme ukweli ingawa silipendi: lilikwenda. Leonie alikanyaga mpaka mwisho wa sheria na kidogo zaidi, akawasha kiyoyozi chote, ubaridi ukampiga usoni, na ile saba pointi moja ya Brendon ikaanza kupanda. Saba pointi mbili. Saba pointi tatu. Alifurahia kila tone. Kwa mwendo huu angefika kabla ya saa tisa, angepanda ngazi za wakili, angemwambia baba yake machoni: nalitaka.

Taa za kwanza za kuongozea magari za Bunbury zilikuwa zimeshaonekana gari lilipoanza kuita.

Ilikuwa simu ya Brendon, iliyobaki pale ilipokuwa inachajiwa, na gari lilikuwa linaitoa kwenye spika zote. Kwenye skrini pakaandikwa jina: GARTH.

Leonie alisita. Halafu akabonyeza kupokea, akanyamaza.

"Shemeji, usiongee, nisikilize," sauti ya kaka yake ilijaa gari zima. Alikuwa anahema. "Niko nyumbani kwa mzee. Hatujaondoka. Nimemwambia Leonie haji, mzee amekataa kwenda kwa wakili, ameapa hatoki jikoni mpaka Leonie afike, hata ikiwa usiku. Tumegombana. Nimemvuta mkono tu, Brendon, nakuapia, nimemvuta mkono tu. Kaanguka. Kagonga kichwa kwenye jiko."

Leonie aliushika usukani kwa mikono yote miwili.

"Anapumua, ila vibaya. Damu ipo. Sasa fikiri kwa ajili yangu, wewe ndiye mwenye akili. Akipona, shamba lote ni la Leonie, kaniambia mwenyewe. Akifa hajasaini, mimi na Leonie tunagawana nusu kwa nusu, na nusu inatutosha mimi na wewe. Sijaita ambulensi. Niite, au nikae?"

Taa mbele yake ilikuwa nyekundu. Leonie hakukumbuka kusimama, lakini gari lilikuwa limesimama.

"Brendon? Mbona kimya? Niite, au nikae?"

Na hapo, nyuma ya sauti ya Garth, mbali, kama mtu anayeongea shavu likiwa limelala sakafuni, ikasikika sauti nyingine, nyembamba, ya baba yake.

"Huyo ni Leonie?" iliuliza. "Mwambie sijaondoka. Namngoja."